Umo Ndani ya Neno Hilo? Matusi ya Jukwaani na Mpiga Kura Ambaye Hajaamua

Hotuba hii ilitolewa Mwanga, Kigoma mjini, mbele ya makatibu wenezi wa kata, watangazaji wa redio, viongozi wa dini na vijana wanaotembea nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni. Imewekwa hapa nzima kwa waliokosa nafasi. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, masheikh na mapadri, mama zangu, makatibu wenezi wa vyama vyote mlioketi leo benchi moja bila kununiana, na ninyi watangazaji mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Asiye na salamu yake katika hizo, habari za mchana.

Nianze na neno moja. Lofa.

Tarehe 23 Agosti 2015, viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, CCM inazindua kampeni. Anapanda Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Anawazungumzia wanaodai wanataka kuikomboa nchi ambayo, kwa hoja yake, ilikwisha kukombolewa zamani na TANU na ASP. Anawaita wapumbavu na malofa. Uwanja unashangilia.

Sasa niwaulize: alimtukana nani?

Ukiisikiliza hotuba ile kwa utulivu, aliwalenga viongozi wa upinzani. Lakini neno lina kwao. Kwetu sisi lofa ni nani? Ni mtu asiye na kazi, mfuko mtupu, anashinda kijiweni. Je, Edward Lowassa, Waziri Mkuu mstaafu na mgombea urais wa Ukawa, ule umoja wa vyama vinne vya upinzani, aweza kuwa lofa? Hawezi. Hata aliyemchukia asingeweza kumvisha neno hilo, lingempwaya. Kwa hiyo neno likarushwa, likampita aliyelengwa, likaendelea na safari kutafuta mtu linayemfaa. Likamkuta kijana aliyemaliza kidato cha nne, amekaa Kibirizi anasubiri boti ifike abebe mzigo. Yule kijana hakuwa Ukawa, hakuwa CCM. Alikuwa anasikiliza redio tu. Ghafla akajikuta yumo.

Haikuchukua muda watu wakaanza kujiita malofa wenyewe, nusu mzaha, nusu uchungu. Neno lililotoka juu kama rungu likaokotwa chini na kuvaliwa kama kofia. Mwisho wa hesabu Dk. John Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46, ushindi mwembamba kuliko wote ambao mgombea urais wa CCM alikuwa ameupata tangu vyama vingi mwaka 1995. Je, ni neno lile lililopunguza kura? Msinilishe maneno. Mwaka ule Lowassa alikuwa amehama CCM, vyama vinne vilikuwa vimeungana, mambo yalikuwa mengi. Hakuna mizani inayoweza kulitenga neno moja na kulipima peke yake. Lakini tunaweza kuona jinsi linavyosafiri. Mpiga kura ambaye hajaamua hahesabu matusi. Hana daftari la nani katukana mara ngapi. Anajitafuta ndani ya neno. Akijikosa, linampita kama upepo wa ziwani. Akijikuta, halimtoki.

Ndugu zangu, huyu asiyeamua ni nani?

Mnaotembea nyumba kwa nyumba mnajua kwamba hakuna mtu anayefungua mlango akakwambia "mimi bado sijaamua". Hiyo ni lugha ya dodoso. Mlangoni mnaambiwa sentensi tatu, na kila sentensi ina mwenyewe.

Ya kwanza: "Wote ni watoto wetu." Hii ni ya mzee, au ya bibi aliyeketi kwenye mkeka. Vijana wetu wengi wakiisikia wanaandika "wetu" kwenye daftari na kusonga mbele. Kosa. Mzee huyu ama ameamua na anaficha ili asigombane na majirani, ama anapima kweli, na mizani yake si ilani. Mizani yake ni malezi. Yeye hahitaji kutukanwa ili ajikute ndani ya neno. Mgombea wa miaka 38 akimkejeli mpinzani wake wa miaka 70 kwa meno yaliyong'oka au mkono unaotetemeka, mzee huyu yumo. Mkono wake nao unatetemeka.

Ya pili: "Tutaona siku ikifika." Huyu ndiye asiyeamua hasa. Mara nyingi ni mama wa biashara: dagaa, mawese, vitenge. Anasubiri kitu. Anasubiri aone nani atarudi mara ya pili baada ya kuahidi mara ya kwanza, anasubiri asikie dada yake wa Kasulu anasemaje. Huyu tusi halimkasirishi sana. Linamchosha. Amefunga genge saa tisa aje asikie habari ya mwalo na umeme wa kukaushia samaki, akapewa dakika 40 za mipasho. Hatukani mtu, hapigi kelele. Anabeba beseni lake anaondoka, na siku ya kura ana kazi nyingine.

Ya tatu: "Wote walewale." Kijana, na siku hizi si kijana tu. Huyu alikwisha kukata tamaa, lakini si kabisa, maana aliyekata tamaa kabisa hafungui mlango. Kwake tusi ni ushahidi. Kila kijembe kutoka jukwaa lolote kinamwambia: uliona? Nilikwambia.

Mtu atasema hawa ni wachache. Ni wachache? Mwaka 2005 waliopiga kura walikuwa asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 wakashuka chini ya asilimia 43: daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 20, waliofika kituoni hawakutimia milioni 9. Mwaka 2015 wakapanda hadi asilimia 67. Watu hao wanaoingia na kutoka si wanachama wenu. Mwanachama wako anakuja hata akiumwa malaria. Wanaoingia na kutoka ni hawa wa sentensi tatu.

Haya, tufanye hesabu ya mtaa mmoja, hesabu ya kujifunzia tu. Tuseme daftari lina watu 600. Umepita nyumba zote. Wako wa uhakika 210. Wa wenzako 190. Wasiopiga kura kabisa 80. Wamebaki 120: 30 ni "watoto wetu", 50 ni "tutaona", 40 ni "walewale". Jioni mgombea wako anapanda, anatoa kijembe kikali, wale 210 wanaruka juu. Ameongeza kura ngapi? Sifuri. Wale walikuwa wake hata angekohoa tu. Lakini wazee 21 katika wale 30 wakikwazika na kwenda upande wa pili, wenzako wana 211. Umepitwa, na bado hujafika kwa wale wengine 90.

Hapo ndipo makofi yanapodanganya. Jukwaani mgombea anawasikia wale 210, kwa sababu wao ndio wamejaa mbele na ndio waliofika na lori. Hawaoni waliosimama pembezoni, karibu na mkokoteni wa miwa, mmoja mguu ndani mmoja nje. Makatibu wenezi, wekeni watu wawili pale pembezoni, wasivae sare, wawe na saa. Kazi yao ni moja: waandike dakika ambayo watu walianza kuondoka, na sentensi iliyokuwa ikisemwa. Mikutano minne tu ukifanya hivyo utajua mgombea wako anawafukuza watu kwa neno gani. Haina gharama. Na ninyi nyote mnaijua hali hii, ila kumwambia mgombea ndiyo shughuli.

Wanazuoni nao wamebishana juu ya jambo hili miaka mingi. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walikusanya pamoja tafiti 111 kuhusu kampeni za kuchafuana. Walichokuta ni hiki: kampeni chafu inakumbukwa zaidi, lakini hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba inamletea kura anayeifanya. Inapunguza kidogo imani ya watu kwa serikali na siasa. Na kuhusu kuwafanya watu wasusie kura, kwa wastani hawakuona athari kubwa. Sasa msije mkaninukuu nusu, nimesema kwa wastani. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha wastani cha mita 570 hivi. Je, mtoto anayeoga ukingoni Kibirizi anaoga kwenye mita 570? Wastani haukwambii kitu kuhusu pale unaposimama wewe. Wazee 30 wa mtaa mmoja hawaonekani katika wastani wa taifa, lakini ndio wanaokupa au kukunyima udiwani.

Sasa mtaniuliza, na mna haki: mbona wapo waliotukana wakashinda?

Wapo. Tuchukue watatu, wote wanajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipokuwa ikitaka kununua ndege ya Rais, Waziri wa Fedha Basil Mramba alinukuliwa akisema ndege itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale nyasi. Nchi nzima ilichefuka. Mwaka 2005 Rombo wakamrudisha bungeni. Wa pili ni Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu. Aprili 2008 aliulizwa kuhusu fedha zake zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti ya kisiwa cha Jersey, akaziita vijisenti. Alijiuzulu uwaziri mwezi huohuo, neno likaingia kwenye lugha na halijatoka mpaka leo. Mwaka 2010 Bariadi Magharibi wakamchagua tena, na 2015 wakamchagua tena. Wa tatu, Januari 2012, Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi, nauli ya kivuko cha Kigamboni imepandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200. Wananchi wanalalamika. Akasema asiyeweza kulipa apige mbizi. Kabla miaka 4 haijatimia, Rais wa nchi.

Kwa nini hayakuwaangusha?

Tazameni aliyejiona ndani ya neno ni nani, na alikuwa anapigia kura wapi. Vijisenti vilimuuma mtu wa Tandika na mtu wa Gungu, lakini mtu wa Tandika na mtu wa Gungu hawapigi kura Bariadi. Aliyekuwa Bariadi alikuwa na mizani nyingine ya kumpimia mbunge wake, mizani ya karibu. Kwa Mramba, neno lilikaa ardhini kama mbegu likingoja mvua. Novemba 2008 akafikishwa mahakamani kwa matumizi mabaya ya madaraka, na mwaka 2010 akashindwa Rombo na mgombea wa Chadema. Ni kesi au ni nyasi? Mimi nasema kesi ndiyo ilikuwa mvua. Neno peke yake lilishindwa mwaka 2005. Lilipopata jambo la kulithibitisha, watu wakalikumbuka kama lilisemwa jana.

Na mbizi? Hapa ndipo pana funzo kubwa zaidi, na wengi hulipita. Neno lilelile lilisomwa kwa namna mbili. Aliyepanda kivuko kila siku alisikia dharau. Aliyekuwa mbali, aliyechoka na viongozi wanaobembeleza kila kundi, alisikia ukali wa mtu asiyependa longolongo. Yule wa pili hakujiona ndani ya maji. Na Kigamboni wenyewe? Mbunge wao, Dk. Faustine Ndugulile, wa CCM hiyohiyo, mwaka ule alisimama na wananchi dhidi ya nauli na dhidi ya kauli ile. Mwaka 2015 wakampa tena ubunge. Aliyetukanwa alipomwona mtu wa chama kilekile amesimama upande wake, hakuwa na haja ya kukihama chama. Makatibu wenezi, mnalisikia hilo? Mkubwa akiteleza, mdogo aliye jirani na waliotukanwa ndiye anayeweza kuziokoa kura. Si kwa kumtetea mkubwa. Kwa kusimama kivukoni.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa Kigoma tuna neno letu.

Nyote mnalijua. Mkimbizi. Mrundi. Mkongo. "Huyo si raia." Mgombea akiishiwa hoja juu ya mpinzani wake, anakimbilia hapo. Anadhani anampiga mtu mmoja. Anawapiga wangapi? Mkoa huu umepakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa maji. Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Ujiji wapo Wamanyema na Wabembe ambao babu zao walivuka ziwa kabla hajazaliwa mtu yeyote aliye katika ukumbi huu. Wapo wanaojua maana ya kuombwa cheti cha kuzaliwa cha bibi ambaye alizaliwa kabla vyeti havijafika kijijini. Mtu huyo amesimama uwanjani, na mgombea anasema "mrudisheni kwao". Yumo au hayumo ndani ya neno?

Na wapo walioomba uraia wakaupata kihalali. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 waliishi Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo kule Katavi. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa kundi hilo, wazazi na watoto wao, walipewa uraia wa Tanzania. Ni raia, ni wapiga kura. Chama kinachokwenda Ulyankulu na wimbo wa wakimbizi kinakwenda kuomba nini?

Tofauti ya neno hili na lofa ni kwamba lofa unaweza kulivaa kama kofia ukacheka. Hili halivaliki. Kijana anaweza kuandika "lofa" kwenye fulana. Hakuna atakayeandika "si raia" kwenye fulana huku akingoja kuulizwa barabarani. Kwa hiyo halileti ubishi kijiweni, linaleta kimya. Na ninyi mnaopita nyumba kwa nyumba mtalitambua kwa kimya hicho: mlango uliokuwa ukifunguliwa sasa mtoto anatumwa kusema baba hayupo.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, najua anachotaka kusema. Atasema: sisi Waswahili tuna utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanaambiana makubwa kuliko hayo, tena msibani, na hakuna anayenuna. Kweli kabisa. Lakini utani una zamu. Ukinipiga, nakupiga. Tuko uso kwa uso, tuna nguvu sawa, na mwisho tunakula sahani moja. Jukwaa lina maiki moja. Aliyeishika anatania, wengine wote wanataniwa. Ukitaka kujua kama lile la mgombea ni utani au ni tusi, jiulize: anayeambiwa angeweza kujibu palepale, kwa maiki ileile, bila kushughulikiwa kesho yake? Kama hapana, basi ondoa neno utani.

Wagombea wanawake ndio wanaolipa gharama kubwa ya kinachoitwa utani. Nani kamwacha, kazaa na nani, mbona hana mtoto. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 ililiona hilo: ilisema wazi kwamba uchaguzi unaweza kubatilishwa kama mgombea, au mtu kwa niaba yake na kwa idhini yake, alitoa kauli za kutumia tofauti za kabila, rangi au dini, au tofauti ya jinsia pale wagombea wanapokuwa mwanamke na mwanamume. Na si maandishi ya kabatini. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu ilimvua Godbless Lema ubunge wa Arusha Mjini kwa sababu ya kauli za kampeni za 2010 dhidi ya mpinzani wake, Dk. Batilda Burian. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia, kwa hoja kwamba walalamikaji, wapiga kura wa kawaida, hawakuwa na haki ya kufungua kesi ile. Mwaka 2015 akachaguliwa tena. Na hapa Kigoma Mjini hatuhitaji kwenda Arusha: uchaguzi mdogo wa 1994 ulibatilishwa katika kesi ya Dk. Aman Walid Kabourou, ikafika Mahakama ya Rufani, na mwenendo wa kampeni pamoja na upendeleo wa redio ya taifa vilikuwa katikati ya kesi. Mawakili wanaitaja mpaka leo.

Lakini angalieni tarehe. Kauli 2010, hukumu 2012. Asiyeamua hasubiri miaka 2. Tumieni kamati za maadili za uchaguzi, pelekeni malalamiko kwa maandishi, tena mapema. Ila msidhani hukumu itarudi nyuma kumwambia mama wa dagaa afunge tena genge aje mkutanoni.

Sasa neno limeshatoka. Tufanyeje?

Mwaka 2006, jimbo la Virginia, Marekani, Seneta George Allen alimwelekezea kidole kijana mwenye asili ya India aliyekuwa akimrekodi kwa niaba ya mpinzani, akamwita "macaca", jina la aina ya nyani. Ilikuwa tarehe 11 Agosti. Kwanza likatolewa ufafanuzi mmoja, kisha mwingine, kisha wa tatu. Kumpigia simu yule kijana na kumwomba radhi kulichukua karibu wiki 2. Kila ufafanuzi mpya ulikuwa sababu mpya ya kurudia ile picha. Novemba alishindwa kwa kura zisizofika 10,000 kati ya zaidi ya milioni 2.3.

Linganisheni na Uingereza, 28 Aprili 2010. Waziri Mkuu Gordon Brown yuko Rochdale, anaongea na mama mmoja mstaafu mtaani, mpiga kura wa Labour wa siku zote, aliyemuuliza maswali, moja likiwa la wahamiaji. Anaingia kwenye gari, amesahau kuwa maiki ya televisheni bado iko kifuani. Anamwita mama yule mbaguzi. Imesikika. Alirudi nyumbani kwa yule mama siku ileile, akakaa ndani kwa takriban dakika 40, akatoka na kusema yeye ni mwenye dhambi aliyetubu. Kitaifa Labour walishindwa uchaguzi wiki iliyofuata, na walikuwa nyuma tangu kabla ya siku ile. Lakini jimbo la Rochdale lenyewe, pale pale palipotokea aibu, Labour walilishinda.

Radhi isiyofanya kazi mnaijua kwa sauti yake: "Kama kuna mtu amekwazika." Kama? Ina maana hujui. "Nimenukuliwa vibaya", na klipu ipo. "Ulikuwa utani." Hayo matatu yatupeni. Radhi inayofanya kazi inalitaja neno lenyewe mara moja, inawataja waliokuwamo ndani yake hata kama hawakulengwa, na inafanyika mahali walipo. Si kwenye mkutano wa wanahabari mjini. Umewatusi watu wa mwalo, nenda mwaloni alfajiri boti zinaporudi, bila msafara, na mzee mmoja anayeheshimika pale. Saa 48, si zaidi. Neno lililosemwa Ijumaa jioni, Jumapili liko kanisani, Jumatatu liko gulioni, na likifika gulioni limeshaongezewa chumvi ambayo hukuiweka wewe.

Na msijidanganye kwamba la ndani halitatoka. Mwaka 2012 Mitt Romney, mgombea urais wa Marekani, alizungumza Mei kwenye chakula cha kuchangisha fedha, mlango umefungwa, akasema asilimia 47 ya wananchi ni watu wa kutegemea serikali. Aliyerekodi ni mhudumu wa vinywaji. Ilitoka Septemba. Siku ya kura Romney mwenyewe akapata asilimia 47. Grupu la WhatsApp la kamati ya kampeni ya kata ni mlango ulio wazi kuliko ule.

Watangazaji, sijawasahau. Neno likitokea mkutanoni, lirushe mara moja tu, na sentensi nzima iliyolitangulia na iliyolifuata, useme lilisemwa wapi na lini. Usilikate likawa sekunde 5 za kuchezwa kila baada ya muziki. Ukilifanya kibwagizo, wewe ndiye unayelisema sasa. Na unapotafuta wa kulijibu, usimpigie mpinzani wake wa kisiasa, huyo jibu lake unalijua. Mtafute aliyekuwamo ndani ya neno. Mbeba mizigo. Mama wa Ujiji. Mpe dakika zake 3. Mkumbuke mwaka 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda, majirani zetu. Desemba 2003, Arusha, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani watu watatu wa redio na magazeti ya Rwanda. Redio ile iliwaita watu mende kila siku, mpaka sikio likazoea.

Muda umekwisha na naona wa Manyovu wanaangalia gari lao. Kabla ya maswali, kuna karatasi zinapita. Kila katibu mwenezi aandike maneno matatu ambayo mgombea wake mwenyewe hupenda kuyasema akipandwa na mori. Si ya mpinzani, hayo kila mtu anayo kichwani. Chini ya kila neno aandike watu wa kata yake wanaojikuta ndani yake, kwa idadi, si kwa kukisia. Asiyejua idadi aache wazi, aende akahesabu. Mnanirudishia mimi? Hapana. Mpelekeeni mgombea. Na yule atakayekuwa wa kwanza kuniambia mgombea wake hana neno lolote, huyo nitamwomba asimame nimsikilize yeye.